Gesi ya Kiyoyozi Haiishi Yenyewe

Ndugu msomaji, labda wewe huna gari, wala hutazamii kuwa nalo. Lakini pengine mwanao, au mkweo, au ndugu wa jumuiya yako anaendesha teksi pale Rwamishenye, na gari lile lilinunuliwa kwa fedha za kahawa za nyumba nzima. Basi habari hii yakuhusu, maana fedha zikivuja huko, karo ya watoto hupungua huku.

Utasema: "Bukoba si Dar es Salaam. Kwetu kuna mvua na upepo wa Ziwa. Kiyoyozi cha nini?" Sikiliza. Kiyoyozi hakipozi hewa tu, huikausha pia. Mvua kubwa inaponyesha, abiria wamejaa na madirisha yamefungwa, kioo cha mbele huingia ukungu kwa pumzi za watu. Dereva hufuta kwa kitambaa kwa mkono mmoja, na mwingine umeshika usukani, huku lori linakuja mbele yake. Kiyoyozi kizima hukausha kioo kile kwa muda mfupi. Siku kama hiyo si anasa. Ni macho ya dereva.

Sasa, kiyoyozi kikiacha kupoza, watu wengi husema neno moja: "Gesi imekwisha, tia nyingine." Mwenye gari hulipa, gari hupoa, na baada ya mwezi mmoja au miwili hurudi palepale. Hapo ndipo penye kosa. Gesi ile si kama petroli, haichomwi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa huikandamiza, hupozwa mbele ya rejeta ikawa majimaji, kisha hupanuka na kuchemka katika kipoza kilicho nyuma ya dashibodi, ikinyonya joto la hewa ya ndani, halafu hurudi kwenye kompresa. Kwa miaka mingi kidogo hupenya katika mipira, lakini si kwa mwezi mmoja. Mtungi ukipungukiwa maji bila mtu kuyanywa, una ufa. Nani mwenye akili aujazaye kila asubuhi, asiuzibe?

Tena si kila gari lisilopoza limepungukiwa gesi. Kabla ya kutoa fedha, mwambie kijana ajiulize haya:

Kwanza, je, upepo unatoka kwa nguvu? Ukitoka kidogo, atazame filta ya hewa, ambayo katika magari mengi imo nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Vumbi la barabara zetu huiziba upesi.

Pili, upepo una nguvu lakini ni wa joto? Afungue boneti, asimame mbali na mikanda, mwenzake awashe kiyoyozi. Katika magari mengi husikika mlio wa "tak", na kitovu cha kompresa huanza kuzunguka. Kisipozunguka, huenda fyuzi imeungua, waya umekatika, au gesi imepungua hata swichi ya usalama ikazuia.

Tatu, gari hupoa likienda na kupata joto likisimama? Feni ya mbele huenda imekufa, au kondensa imezibwa na tope na wadudu, senene wakiwamo. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, aoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi.

Nne, je, kwenye maungio ya mabomba kuna alama za mafuta? Mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi. Basi hapo ndipo ufa ulipo.

Fundi mwema hutafuta ufa na kuuziba kwanza. Kisha hunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo atie gesi akiipima kwa mizani, kwa aina na kadiri iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gari dogo mara nyingi huchukua gramu 400 hadi 700 tu. Kuzidisha hakuongezi baridi, bali huumiza kompresa. Gesi ya kupikia isitiwe kabisa: hupoza, lakini ikivujia ndani ya gari huweza kuwaka moto na watu wamo.

Liko na neno la dhamiri. Gesi iitwayo R-134a, iliyomo katika magari mengi ya kwetu, ikitoka hewani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, ng'ambo ya Mto Kagera, yakapatana kupunguza gesi za jamii hiyo. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitaja kuzidi kwa matumizi ya viyoyozi kuwa mfano wa mazoea yanayoidhuru nyumba yetu sote. Anayejaza gesi mara tatu kwa mwaka bila kuziba ufa huwaibia watoto wake mara mbili: mfukoni na hewani.

Basi, mzazi, kijana wako akija kuomba fedha za gesi, usimwulize kwanza, "Ni shilingi ngapi?" Mwulize, "Ile ya kwanza imetokea wapi?" Asipojua, mrudishe kwa fundi.