Je, Wajua? Breki mpya nazo hulia
Breki zikilia baada ya fundi kubadilisha pedi, si lazima awe amekosea. Pedi mpya hutetemeka juu ya diski mpaka zikae sawa, na hilo laweza kuchukua hata kilomita 300.

Sikiliza mlio unatokea lini. Ukisikika gari likitembea tu, bila kukanyaga breki, huenda bati la kukinga vumbi nyuma ya diski lilipinda wakati wa kazi, au kokoto imenasa hapo. Kwenye barabara za changarawe za vijijini Ngara na Biharamulo, kokoto haikosekani. Fungua tairi, toa kokoto, unyooshe bati.

Ukisikia "ko!" kila ukikanyaga, pedi imelegea au bolti haijakazwa: rudi gereji leo hii. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma ni hatari zaidi. Simama papo hapo. Usithubutu kushuka nao mteremko wa kuelekea mtoni Rusumo, katikati ya malori yanayokwenda Rwanda.

Na mkwaruzo mwepesi wa asubuhi baada ya mvua? Hiyo ni kutu ya usiku mmoja, huisha ukikanyaga breki mara mbili tatu.