Kabla ya kununua radio ya CD, uliza kwanza inakula nini



Siku ya mshahara inajulikana hapa Lubondja hata kwa mtu asiyekuwa na kalenda. Jioni ile utaona mmoja anarudi na mfuko wa unga, mwingine na mabati mawili, na wa tatu amekaa nyuma ya pikipiki, amekumbatia sanduku kubwa la karatasi ngumu kama mtu anayepeleka mtoto kwa munganga. Ndani ya sanduku lile mna radio ya CD. Kabla ugali haujaiva, mtaa mzima umekwisha kujua.

Hatuandiki ili kuwakataza watu furaha. Mtu aliyeshinda kazini ana haki ya kusikiliza rumba yake, kwaya ya kanisa lake, na habari za Radio Okapi, ambayo ilianza mwaka 2002 na inasema na watu wa Kongo kwa Kiswahili pia. Lakini ukurasa huu ni wa usalama na afya, na chombo hiki kinagusa mambo yote mawili. Kinaingia kwa njia ya umeme, kwa njia ya masikio, na kwa njia moja ndogo sana ambayo wazazi wengi hawaijui.

Vijana watacheka. Watasema CD ni mambo ya wazee, ilitoka mwaka 1982, na leo nyimbo zote zimo ndani ya simu. Sawa. Lakini simu iliyopiga muziki tangu saa kumi na mbili ya jioni, usiku wa manane imekwisha kuzima, na ni usiku wa manane ndipo mtoto anapata homa au jirani anaanguka. Afadhali muziki uwe na chombo chake, na simu ibaki na nguvu ya kuitia msaada. Ila unapochagua, tafuta chombo chenye tundu la CD pamoja na tundu la USB, maana diski zinakwaruzika na vumbi la huku halina huruma.

Sasa tuje dukani. Mbele ya chombo kuna maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu: 1000 W, 2000 W, na pembeni herufi nne, PMPO. Mwenye duka atakuonyesha maandishi hayo kwa kidole. Usiyaangalie. Herufi hizo ni hesabu ya biashara, wala si kipimo cha nguvu ambayo chombo kinatoa siku zote. Ukweli umeandikwa nyuma au chini, kwa herufi ndogo, pale penye tundu la waya. Geuza chombo, soma. Utakuta, kwa mfano, 220-240 V, 50 Hz, 18 W. Maana yake chombo kinakula wati 18. Na chombo kinachokula wati 18 hakiwezi kutoa wati 1000, kama vile mtu aliyekula sahani moja ya muhogo hawezi kubeba gunia kumi.

Maandishi hayo madogo ndiyo yanayokwambia kama chombo kitaishi nyumbani kwako au kitakufa siku ya kwanza. Umeme wa Kongo ni volti 220. Vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani vinataka volti 120, na vya Japani volti 100. Vitu vilivyokwisha kutumika vinafika kwetu kutoka kila upande, na chombo cha namna hiyo kikichomekwa katika 220 utasikia mlio mmoja tu, halafu harufu. Vingine vina kifungo nyuma cha kuchagua volti. Kiangalie kabla ya kuchomeka, si baada yake.

Lakini tusidanganyane: ni nyumba ngapi hapa zina 220? Wengi wetu tunategemea paneli ya jua, betri ya gari, grupu ya jirani, au mawe ya radio. Kwa hiyo angalia pia pameandikwa volti ngapi za DC. Fungua kifuniko cha mawe, uhesabu nafasi. Jiwe kubwa moja ni volti moja na nusu. Nafasi nane ni volti 12. Nafasi sita ni volti 9. Tofauti hii ni kubwa kuliko rangi zote za chombo. Chombo cha volti 12 chenye tundu la DC kinaweza kula moja kwa moja kwenye betri ya paneli yako, bila mashine ya kugeuza umeme kuwa 220, ambayo nayo inakula sehemu yake njiani. Chombo cha volti 9 ukikifunga kwenye betri ya gari kinaungua, na fundi atakula pesa yako ya mwezi ujao.

Karibu na tundu hilo kuna picha ndogo ya duara yenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Inaonyesha upande upi uwe katikati ya plagi. Ukigeuza pande hizo, unaweza kuua chombo kama vile umekipiga nyundo.

Tufanye hesabu kidogo. Chombo cha wati 18 kikipiga saa nne kila jioni kinakula wati-saa 72. Betri ya volti 12 yenye 40 Ah inabeba wati-saa 480, lakini betri ya gari ikimalizwa mpaka chini inakufa upesi. Chukua nusu tu, 240. Basi una jioni tatu za muziki hata mvua ikinyesha mfululizo, ikiwa hujafunga taa na simu za mtaa mzima kwenye betri hiyo hiyo. Paneli ya wati 50, siku ya jua zuri, inarudisha kiasi cha wati-saa 200. Inatosha. Mtu aliyenunua chombo cha wati 60 kwa sababu ya maandishi ya dhahabu hatapata hesabu hii. Atabaki gizani.

Anayetumia mawe ajue kwamba CD inakula kuliko radio, kwa kuwa pana mota inayozungusha diski na pana taa ya kuisoma. Mawe nane yanayotosha radio kwa majuma mengi yatakwisha upesi sana kwa CD. Andika bei ya mawe nane hapa Lubondja, uzidishe kwa miezi kumi na miwili, halafu ulinganishe na bei ya paneli ndogo. Mama wa nyumba atafanya hesabu hiyo haraka kuliko baba.

Jambo la betri ya gari lina hatari yake, na hapa tunaomba msome polepole. Betri ile ni ya volti 12 tu, haikupigi kama waya wa 220, na kwa sababu hiyo watu wanaidharau. Lakini nyuzi zake mbili zikigusana, inatoa nguvu kubwa kwa mara moja. Waya mwembamba unakuwa mwekundu kama kaa la moto, na kama umepita chini ya mkeka au juu ya majani ya paa, nyumba inawaka mmelala. Weka fyuzi ndogo, ya ampea 3 kwa chombo cha wati 18, karibu na kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha. Ni kitu cha franka kidogo. Betri ikae mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwa kuwa inapochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inalipuka, na maji yake ni asidi inayotoboa nguo na macho. Na mwenye grupu aiweke nje, mbali na madirisha. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na aliyelala nayo chumba kimoja haamki.

Tumalize umeme, twende kwa masikio.

Mfanyakazi wa mgodi anajua kelele. Mashine ya kutoboa mwamba inapita desibeli 100, na kinu cha kusaga mawe si rafiki. Wataalamu wa afya ya kazi wanakadiria kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili, 94 kwa saa moja, na 100 kwa robo saa tu. Sasa fikiri. Mtu ametoka zamu, sikio lake limekwisha kula posho yake yote ya siku. Anafika nyumbani, anasikia kama masikio yamezibwa pamba, na kwa sababu hiyo anaongeza sauti ya radio mpaka mwisho. Sikio halijui kama hii ni kazi au ni rumba. Linahesabu yote pamoja.

Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Kelele ikivipiga vinalala. Ukivipa utulivu vinaweza kuinuka. Vikipigwa kila siku vinakufa, na vikifa havioti tena, hata ungeenda Bukavu au Nairobi. Dalili ya kwanza ni mlio masikioni usiku. Ya pili ni kwamba bibi anasema na wewe, unasikia sauti lakini hushiki maneno. Na mgodini, mtu asiyeshika maneno hasikii mwenzake akipiga kelele kwamba jiwe linateremka.

Kwa hiyo usichague chombo chenye sauti kubwa. Chagua chenye sauti safi. Kipige polepole dukani, usikilize kama maneno ya mwimbaji yanatoka wazi. Ukiona lazima uongeze sauti ndipo uelewe, kirudishe. Nyumbani, kama mtu aliye mbali nawe kwa mkono mmoja hana budi kupaza sauti ili umsikie, muziki umepita kiasi. Na mtoto mchanga asilazwe mbele ya spika, hata kama analala fofofo.

Ile njia ndogo tuliyoitaja ni telekomande. Vyombo vingi vinauzwa pamoja na telekomande nyembamba, na ndani yake mna betri bapa inayong'aa kama sarafu, imeandikwa CR2025 au jina kama hilo. Mtoto akiipata ataitia kinywani. Ikikwama kooni, haihitaji kupasuka ndipo idhuru: mate yanaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na nyama ya koo inaanza kuungua. Saa mbili zinatosha kutoboa. Mtoto atakohoa, atatoka mate mengi, atakataa kula, na watu watadhani ni mafua. Hata ile iliyokwisha nguvu kwa telekomande bado ina nguvu ya kuunguza koo.

Ukijua au ukidhani mtoto amemeza, usimtapishe, usimpe chakula, usingoje kesho. Peleka mbio kwenye hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya mwili. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza, na haijapita saa kumi na mbili tangu alipomeza, mpe asali njiani, vijiko viwili vidogo kila dakika kumi, si zaidi ya mara sita. Inapunguza kuungua, lakini haiponyi, na kukosa asali kusikucheleweshe hata dakika. Unapochagua chombo, angalia kifuniko cha telekomande: kiwe na skurubu. Kama kinafunguka kwa ukucha, kizungushie utepe mgumu siku ile ile, au acha telekomande dukani. Hakuna aliyekufa kwa kuinuka na kubonyeza kwa kidole.

Juu ya taa ya kusoma CD, neno moja kwa vijana wanaopenda ufundi. Ni mwali wa leza usioonekana vizuri kwa jicho, kwa hiyo jicho halijui kujifumba. Mlango ukifunguliwa, swichi ndogo inauzima. Msiibane swichi ile kwa kijiti ili mtazame diski ikizunguka.

Mawe yaliyokwisha yasitupwe motoni, yanapasuka. Yasichanganywe na mapya, yanavuja na kula vyuma vya chombo. Na kuna desturi ya kuyaponda ili unga mweusi upakwe ubao wa shule. Tunaelewa, rangi ni ghali. Lakini unga ule una manganizi, na vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu linaharibu mishipa ya fahamu. Watoto wasitumwe kuyaponda.

Siku ya kwenda kununua, Baraka au Uvira, chukua CD mbili kutoka nyumbani: moja ya duka na moja iliyochomwa na kijana wa mtaani. Chombo kingine kinasoma ya kwanza na kukataa ya pili. Chukua na mawe yako mapya nane, maana dukani watakijaribu kwa umeme wa grupu yao, na wewe nyumbani huna grupu. Kipige kwa mawe, nyimbo tatu mpaka mwisho, kisha ushike mgongo wake kwa kiganja. Ukiwa wa vuguvugu, lipa. Ukiwa wa moto, waachie.