Kuurudia Upinde Baada ya Miaka

Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Uqba bin Amir kemeo kali kwa aliyejifunza kutupa mishale kisha akaacha. Basi anayeurudia upinde twampa heko, ila twamsihi asianze na ule wake wa zamani. Moyo hukumbuka nguvu ambazo bega halinazo tena. Auvutaye upinde mzito kuliko uwezo wake hupandisha bega, hurudisha kichwa nyuma na kuuachia upote kabla ya wakati. Makosa hayo yakizoeleka ni taabu kuyaondoa, na bega laweza kuumia.

Waturuki wa dola ya Uthmaniya walilijua hili. Mwanafunzi alipewa kwanza kepaze, upinde laini mno, akauvuta na kuurudisha taratibu pasipo mshale. (Kuurudisha, si kuuachia: upinde uachiwao mtupu huweza kuvunjika.) Kisha alipiga mishale kwa karibu kwenye mfuko ulioshindiliwa, uitwao torba.

Nasi nyumbani, awe mama au kijana, tuweke furushi nene la majani makavu mbele ya ukuta, hatua tano, bila alama yoyote. Alama huiba macho. Tujichunguze: mabega yametulia chini? Mkono wa upote wafika pale pale tayani kila mara? Nguvu yatoka mgongoni, au vidoleni? Mkono ushikao upinde usishuke mpaka mshale ugonge. Hili wengi hulipuuza. Mkono ukianza kutetemeka, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha. Na watoto wakae nyuma yetu.