KARANI TAMBA: NDEGE MBUAI AWINDAYE KWA MIGUU

Mtahiniwa, swali la jinsi kiumbe alivyoumbwa kuendana na mazingira yake huwapotezea wengi alama kwa sababu wanataja kiungo bila kueleza faida yake. Jifunze kwa mfano wa karani tamba.

Karani tamba ni ndege mbuai, yaani huishi kwa kuwinda wanyama wengine. Anapatikana Afrika pekee, kusini mwa Sahara. Tai na mwewe huwinda kutoka angani, lakini yeye huwinda akitembea.

Fikiria Wilaya ya Manyoni. Ina vichaka vya Itigi vilivyosongamana sana, na ina maeneo ya wazi yenye nyasi. Karani tamba atawinda wapi? Umbile lake linajibu: penye nyasi.

(a) Miguu mirefu: husimama kwa kimo cha zaidi ya meta 1, hivyo huona panzi, panya, mijusi na nyoka walio katikati ya nyasi. Ndani ya kichaka kizito asingeona mbali wala kupita.

(b) Magamba miguuni: hupunguza hatari ya kuumwa na nyoka.

(c) Teke lenye nguvu: vipimo vilivyofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 vilionesha teke la nyutoni 195. Ndege huyo alikuwa na tungamo la takriban kilogramu 4, sawa na uzito wa nyutoni 40. Teke lilikaribia mara tano ya uzito wake! Hivyo huua nyoka bila kumsogezea kichwa.

(d) Mabawa mapana: humfikisha kwenye kiota chake juu ya mgunga.

Katika mlolongo wa chakula:
nyasi → panzi → mjusi → karani tamba
yeye ni mlaji wa daraja la tatu. Nyasi zikiondoka, walio mbele yake hupungua, naye hukosa chakula.

Zingatia: umbile hufaa kwa mazingira maalumu tu. Nyanda za nyasi zinapogeuzwa mashamba na makazi, au zinapofunikwa na vichaka, miguu ile ile haimsaidii tena. Mwaka 2020 IUCN ilimweka katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka.

JIPIME
1. Eleza maumbile matatu ya karani tamba na faida ya kila moja.
2. Kwa nini vichaka vikienea nyikani karani tamba hupungua?