Mume Amefariki, Ploti Iko Hai Cinema: Ufanye Nini?



Hapa Kakuma watu hawaji kwenye ofisi ya jumuiya kuuliza juu ya rasheni na kuni tu. Wanauliza pia juu ya nyumba walizoziacha. Mama anafika na mfuko wa nailoni, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni lizi ya ploti iliyoko Hai Cinema, mjini Juba. Walinunua pamoja, yeye na marehemu mumewe, kwa pesa ya biashara yao wote wawili. Sasa mume hayupo, na shemeji amepiga simu kutoka Juba: mnunuzi amepatikana, weka sahihi tu, pesa utatumiwa. Mama anauliza aweke au asiweke.

Jibu ni asiweke bado. Ploti ambayo mwenye jina amekufa haiuzwi na mtu mmoja, awe shemeji au awe mjane mwenyewe. Kwanza korti itaje warithi ni akina nani. Halafu jina libadilishwe kwa msajili wa ardhi. Baada ya hapo ndipo mauzo yazungumzwe. Ukianzia mwisho, mnunuzi anapata karatasi yenye kasoro, na wewe nyumba imekwenda kwa bei ya mbuzi.

Tunasema "mjane" kwa sababu kina mama ndio wengi wanaouliza. Mwanamume aliyefiwa na mke ambaye jina lake liko kwenye lizi afuate njia hiyo hiyo.

KARATASI YA KWANZA IKO HAPA KENYA

Bila cheti cha kifo hakuna korti itakayokusikiliza, hapa wala Juba. Kama mume alifia hospitalini, hospitali inatoa taarifa ya kifo. Kama alifia nyumbani, taarifa inapitia kwa chifu au naibu wake. Kibali cha kuzika ulichopewa siku ya mazishi si cheti cha kifo. Wengi wanakitunza miaka mingi wakidhani wamemaliza kazi. Cheti chenyewe kinatoka ofisi ya serikali ya usajili wa vizazi na vifo. Mkimbizi ana haki ya kukipata kama mtu mwingine yeyote aliyefiwa Kenya. Ukipitisha miezi 6 unaingia katika usajili wa kuchelewa, wenye maswali zaidi, lakini bado inawezekana.

Kama alifia Sudan Kusini, mambo ni magumu zaidi. Wengi waliouawa Juba Desemba 2013 au Julai 2016 hawana karatasi yoyote. Hapo itabidi mashahidi waliomwona amekufa au waliomzika watoe ushahidi mbele ya korti. Waandike majina yao sasa, kabla hawajahama kwenda nchi nyingine.

Jambo la pili ni majina, na hili linasumbua kuliko yote. Kwenye lizi ameandikwa Yohana kwa majina manne, kwenye kadi ya wakimbizi ni John kwa majina mawili, na kwenye cheti cha kifo karani ameandika alivyosikia. Kwa macho ya msajili hao ni watu watatu. Kabla ya kupokea cheti chochote, soma herufi kwa herufi mbele ya karani, hata kama watu wamepanga foleni nyuma yako wananung'unika. Kama kosa limeshaingia, unakula kiapo cha maandishi mbele ya wakili au hakimu, kinachosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja.

Tatu ni ndoa. Wengi wetu tulioana kwa ng'ombe, si kwa cheti. Ndoa ya kimila ni ndoa, lakini lazima ithibitishwe. Wazee waliopokea mahari, padri au sheikh aliyewafungisha, mashahidi wa pande zote mbili, wote waandike na waweke sahihi au dole gumba. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 12, unasema haki ambazo mkimbizi alikwisha kuzipata kutokana na ndoa ziheshimiwe katika nchi aliyokimbilia.

SHERIA YA SUDAN KUSINI INASEMA NINI

Katiba ya mpito ya mwaka 2011, kifungu cha 16, inasema mwanamke ana haki ya kumiliki mali, na haki ya kupata fungu katika mali ya marehemu mumewe pamoja na warithi wengine halali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 nayo inasema mwanamke anaweza kumiliki na kurithi ardhi.

Tafadhali soma tena maneno "pamoja na warithi wengine". Hayamaanishi kwamba mjane anachukua yote. Watoto wana fungu. Kama kuna mke mwenzio, yeye na watoto wake wana fungu. Lakini hayamaanishi pia kwamba ndugu wa mume wanachukua yote, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kwa mila za makabila yetu mengi, mjane anarithiwa na ndugu wa marehemu, na ploti inafuata nyuma yake kama godoro. Mwanamke si kiti cha urithi. Kukataa kurithiwa ni neno moja, na fungu lako katika nyumba ni neno jingine. Asikuambie mtu kwamba ukikataa la kwanza umepoteza la pili.

Kama lizi ina majina yenu wote wawili, sehemu yako haiingii kabisa katika urithi. Inayogawanywa ni sehemu ya marehemu. Kama jina ni la mume peke yake, itabidi uonyeshe mchango wako: risiti za mabati na saruji, ujumbe wa kutuma pesa, fundi aliyejenga, jirani aliyeona. Kwa Waislamu, fungu la mke ni moja ya nane ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Hilo pia linahesabiwa baada ya kutoa kilicho chako mwenyewe.

Ujue pia kwamba ardhi ya mjini Juba hukodishwa na serikali. Unachorithi ni haki ya kukaa kwa miaka iliyobaki kwenye lizi. Miaka hiyo inaendelea kuhesabika hata msibani, na ada zinaendelea kudaiwa. Angalia tarehe. Angalia muhuri pia: kati ya 2015 na 2020 Juba ilikuwa katika jimbo lililoitwa Jubek, kabla ya kurudi Equatoria ya Kati. Karatasi ya miaka hiyo ina jina la Jubek. Usishtuke ukaitupa.

Kesi ya familia inaweza kuanza kwa sultani wa mtaa au korti ya kimila ya mjini. Hiyo inasaidia kupatanisha. Lakini msajili wa ardhi Juba yuko chini ya mahakama ya serikali, na anachotaka ni amri ya korti yenye majina ya warithi. Mimi nashauri mapatano ya wazee yaandikwe, halafu yapelekwe huko. Mapatano ya mdomo yanakufa pamoja na wazee.

NANI AENDE JUBA?

Usikimbilie kupanda gari. Kutoka kambini kunahitaji kibali cha idara ya wakimbizi, na kurudi nchini ulikoikimbia kunaweza kuleta maswali juu ya hadhi yako ya ukimbizi. Njia ya kawaida ni kumpa mtu hati ya uwakilishi, ile wazee wa Juba wanaiita tawkil. Hati hiyo inaandikwa na wakili hapa Kenya, na ili ikubaliwe Juba kwa kawaida hugongwa mihuri ya wizara ya mambo ya nje na ya ubalozi wa Sudan Kusini, Nairobi.

Hapa simama kidogo. Kama ulikimbia serikali yenyewe, kwenda ubalozini si jambo dogo. Ongea kwanza na UNHCR au na mawakili wa Refugee Consortium of Kenya. Kifungu cha 25 cha mkataba wa 1951 kinasema nchi iliyompokea mkimbizi imsaidie kupata hati ambazo angepewa na nchi yake. Taja kifungu hicho unapoomba msaada.

Hati yenyewe iwe nyembamba. Iseme mwakilishi anaweza kutafuta kwenye daftari la msajili ploti iko kwa jina la nani, kufungua kesi ya mirithi, na kulipa ada. Iseme wazi kwamba haruhusiwi kuuza, kuweka rehani wala kupokea pesa ya mauzo. Iwe na tarehe ya mwisho. Nimeona hati za mstari mmoja zinazosema "afanye lolote kwa niaba yangu". Hizo usiweke sahihi hata kama mwakilishi ni mtoto wa mama yako.

Kazi ya kwanza ya mwakilishi iwe kutafuta katika daftari, kwa sababu Juba ploti moja inaweza kuwa na lizi mbili. Ya pili ni anayekaa humo. Kama ni ndugu au mpangaji, aandike kwamba anakaa kwa ruhusa yako. Kama ni mtu mwenye bunduki, mwakilishi asiende kubisha mlango. Aache korti ifanye.

Ukija kwetu tukuelekeze kwa mawakili, leta lizi, cheti cha kifo au majina ya mashahidi, ushahidi wa ndoa, kadi za watoto na namba ya simu ya mtu mmoja unayemwamini Juba. Tutapiga nakala mbele yako. Karatasi halisi urudi nazo nyumbani, usimwachie mtu yeyote, hata sisi.