Kome Mgeni Miambani: Nani Hushinda, na Wapi?

Kome ni mnyama wa baharini mwenye mwili laini uliofunikwa na magamba mawili. Hutoa nyuzi imara ambazo kwazo hujifunga kwenye mwamba na kwa kome wenzake. Maelfu yao wakikusanyika hufanya tabaka nene, na katika nafasi zilizo baina yao huishi minyoo, kaa wadogo na konokono. Kwa hiyo kome ni mjenzi. Akiondoka yeye na kuingia mwingine, jamii nzima ya viumbe hao huguswa.

Mabadiliko ya namna hiyo yametokea Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kome wa Mediterania (Mytilus galloprovincialis) alionekana katika ghuba ya Saldanha, pwani ya magharibi. Inaaminika kwamba aliletwa na meli. Kwa kuwa hufanana na kome wengine, ilibidi wataalamu wachunguze protini za mwili wake, na mwaka 1984 ikathibitika kuwa ni mgeni.

Katika pwani hiyo ya magharibi, mwenyeji alikuwa kome mwenye matuta (Aulacomya atra), ambaye hukua polepole. Mgeni hukua upesi, huzaa sana, na hustahimili ukavu maji yanapokupwa. Haukupita muda mrefu akatwaa sehemu kubwa ya miamba ipigwayo na mawimbi, akimsukuma mwenyeji huyo pamoja na baadhi ya konokono wenye gamba mfano wa kofia.

Alipofika pwani ya kusini, mambo yakawa mengine. Huko alimkuta kome wa kahawia (Perna perna), na hakuweza kumwondoa. Uchunguzi wa wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Rhodes, umeonyesha kwamba wawili hao wamegawana mwamba. Mgeni hutawala ukanda wa juu, mwenyeji hutawala ukanda wa chini, na katika ukanda wa kati huishi wakiwa wamechanganyika.

Sababu ya mgawanyo huo ni nini? Juu, adui mkubwa ni ukavu, na kome wa kahawia hauwezi kama mgeni awezavyo. Chini, adui ni mawimbi. Kome wa kahawia hushika mwamba kwa nguvu zaidi, ilhali mgeni hung'olewa kwa urahisi. Ajabu ni kwamba katika ukanda huo wa chini mwenyeji kwanza humkinga mgeni dhidi ya mawimbi, kisha, kadiri wanavyokua na nafasi kupungua, humshinda.

Hata hivyo mwenyeji ana mzigo wake. Minyoo vimelea imeonekana ndani ya mwili wake, na aina moja humwondolea uwezo wa kuzaa. Minyoo hiyo haikuonekana ndani ya mgeni aliyeishi kando yake. Aidha, wakazi wa pwani ya mashariki ya nchi hiyo humvuna kome wa kahawia kwa chakula, hivyo kupungua kwake kungegusa vyungu vyao.

Wapo pia walionufaika. Ndege mweusi mwenye mdomo mwekundu (Haematopus moquini), alaye kome na konokono wa miambani, amepata chakula tele na kuongezeka.

Basi swali la kuuliza si kama mgeni ana nguvu tu, bali ni nini kinachoua viumbe mahali alipofikia, na ni nani akistahimiliye zaidi. Lakini jibu hupatikana baada ya miaka mingi, na mgeni akishaenea haondoleki tena. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji yanayobebwa na meli ili zisiyumbe, uliopitishwa mwaka 2004, ulianza kutumika mwaka 2017. Bandari za Mombasa na Dar es Salaam nazo hupokea meli kutoka bahari za mbali. Mwanafunzi anayezijua vyema aina za kome na chaza wa pwani yake ndiye atakayeweza kumtambua mgeni mapema.