Kabla ya Kununua, Uliza Gari Litalala Wapi

Ndugu msikilizaji, mimi ni mgonjwa wa magari. Nikipita mahali na kuona boneti iko wazi, lazima nisimame. Ndiyo maana jirani yangu alinijia na swali. Anataka kuagiza Japani haibridi iliyotumika, ile ya kuchaji, na ameelezwa kwamba lita moja ya petroli huipeleka zaidi ya kilometa 60. Je, ni kweli?

Nilimjibu kwamba ni kweli kwenye karatasi. Barabarani inategemea yeye mwenyewe.

Tuelewane kwanza. Haibridi ya kawaida, mfano Toyota Prius iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ina injini ya petroli na mota ya umeme. Betri yake ni ndogo, na hujazwa na injini yenyewe na wakati dereva anapopunguza mwendo. Haichomekwi popote. Haibridi ya kuchaji ina betri kubwa zaidi, inayojazwa kutoka kwenye soketi. Chevrolet Volt, iliyoingia sokoni Marekani mwishoni mwa mwaka 2010, ilikwenda kama kilometa 56 kwa umeme kabla injini haijawaka. Mtu ambaye safari yake ya kazini, kwenda na kurudi, ni kilometa 40, akichaji kila usiku, anaweza kumaliza wiki bila kugusa petroli.

Lakini asipochaji? Basi anabeba betri nzito huku injini ikifanya kazi yote.

Vipimo vya maabara huchukulia kwamba dereva huchaji mara kwa mara. Mwezi Machi 2024, Tume ya Ulaya ilitoa hesabu zilizochukuliwa kwenye magari yenyewe yakiwa barabarani. Gesi ya ukaa iliyotoka kwenye haibridi za kuchaji ilikuwa, kwa wastani, mara 3.5 ya ile iliyoandikwa maabara. Sababu kubwa ni kwamba hazichajiwi wala kuendeshwa kwa umeme kama ilivyodhaniwa.

Siwalaumu mafundi waliozibuni. Kazi yao naivulia kofia. Lawama zangu ni kwa biashara yenyewe. Kiwanda huhesabiwa usafi wa gari mbele ya serikali kwa kipimo cha maabara, hata kama waya wa kuchajia haujawahi kutolewa kwenye buti. Mwenye kulipia tofauti ni mnunuzi, kila anaposimama kituo cha mafuta.

Jirani yangu amepanga ghorofa ya nne, na gari lake hulala barabarani. Waya ateremshie dirishani? Nimemshauri achukue haibridi ya kawaida. Mwenye soketi karibu na maegesho, na safari fupi za kila siku, huyo achukue ya kuchaji, ila apime kwanza afya ya betri, maana nguvu yake hupungua kadiri inavyozeeka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujauliza gari linakunywa kiasi gani, uliza litalala wapi.

Tukutane wiki ijayo.